Maji ya Nyanza na Barua za Cairo: Sera ya Uingereza ya Mambo ya Nje na Wenyeji wa Mwambao wa Ziwa

Utangulizi

Mtu atokaye Mwanza mjini kwa barabara iendayo Musoma hufika Kisesa, na kutoka hapo njia ndogo humpeleka hadi kwenye mawe makubwa ya Bujora. Hapo ndipo Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alipoanza kukusanya na kuhifadhi mambo ya kale ya Wasukuma. Nayo makumbusho yaliyotokana na kazi hiyo yalifunguliwa mwaka 1968. Sisi tulio Walutheri hatuna budi kukiri kwamba katika jambo hili ndugu zetu Wakatoliki walitutangulia. Ngoma za watemi zimehifadhiwa pale, pamoja na viti vyao vya enzi na vyombo vya tiba na vya kazi.

Tumewapeleka wanafunzi wetu Bujora zaidi ya mara moja. Safari moja, baada ya kuelezwa kwamba mtemi wa kale aliweza kuondolewa katika kiti chake endapo mvua ilikataa kunyesha, mwanafunzi mmoja aliyezaliwa upande wa Shinyanga aliuliza hivi: "Mtemi aliulizwa habari za mvua. Lakini ziwa hili lote lilikuwa hapa, nasi kwetu tulikuwa tukichimba mchangani kutafuta maji. Habari za ziwa aliulizwa nani?" Swali hilo hatukuweza kulijibu siku ile kwa maneno machache. Makala hii ni jaribio la kulijibu.

Tunakusudia kuonyesha ya kwamba maji ya ziwa liitwalo Victoria yaliwekewa masharti mwaka 1929 kwa barua zilizoandikwa Cairo, kati ya serikali ya Misri na serikali ya Uingereza, pasipo wenyeji wa mwambao huu kuulizwa neno lolote. Kisha tutatazama matokeo ya barua hizo, jibu la nchi yetu baada ya uhuru, na mwisho mambo ambayo Mkristo apaswa kuyatafakari juu ya agano linalofungwa kwa niaba ya mtu asiyekuwapo.

Mtemi na mvua

Kabla ya kuja kwa wageni, Usukuma haukuwa dola moja. Palikuwa na himaya nyingi ndogo ndogo, kila moja ikiwa na mtemi wake. Wazee wengi hueleza kwamba jina hilo latokana na kutema, yaani kufyeka pori, kwa kuwa mtemi wa kwanza ndiye aliyetangulia kuifungua nchi. Mtemi hakutawala apendavyo. Wazee walioitwa banang'oma ndio waliomweka, nao ndio waliokuwa na uwezo wa kumwondoa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba nchi inapata mvua na mavuno, akisaidiwa na waganga wenye ujuzi wa mambo hayo. Ukame wa muda mrefu ulihesabiwa kuwa dalili ya kwamba mtemi hana baraka tena.

Sisi Wakristo hatukubaliani na imani iliyokuwa chini ya desturi hiyo, maana twaamini kwamba Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Hata hivyo, haifai kuipuuza hekima iliyomo ndani yake. Desturi hiyo ilisema kwamba mtawala awajibika kwa watu wake kwa habari ya maji, na kwamba watu wenye kiu wanayo haki ya kumwuliza. Uwajibikaji huo ulikuwa wa ana kwa ana. Mtemi aliishi miongoni mwa watu, akala chakula chao, na kiu yao ilimfikia hata yeye.

Mistari juu ya ramani

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa amemwacha mwenzake Richard Burton Tabora, alilitazama ziwa kutoka upande wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, neno ambalo maana yake ni maji makubwa, na ambalo husemwa kuwa ndilo asili ya jina la Mwanza yenyewe. Speke alisadiki kwamba hapo ndipo chimbuko la mto Nile. Tangu siku ile, katika fikra za watawala wa Ulaya, ziwa letu halikuwa tena ziwa la watu wanaokaa kando yake. Lilikuwa kichwa cha mto wa Misri. Yote yaliyofuata yalitokana na mtazamo huo.

Mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yaliingia Misri. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi, lakini jambo la msingi lilikuwa Mfereji wa Suez, uliokuwa njia ya meli za Waingereza kwenda Bara Hindi. Aliyetaka kukaa salama Suez alipaswa kuishika Misri, na aliyeishika Misri alipaswa kuyalinda maji ya Nile, maana bila Nile hakuna Misri. Basi sera ya Uingereza ilipanda mto hatua kwa hatua, mpaka ikafika kwetu.

Kwa mapatano ya mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, baharini, hadi ziwani. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 mstari huo ulivushwa juu ya maji, ukifuata digrii moja kusini mwa ikweta. Kaskazini yake, pamoja na mahali Nile inapotokea, kukawa kwa Waingereza. Kusini yake, pamoja na Mwanza na Usukuma wote, kukawa kwa Wajerumani. Katika mkataba huo huo Ujerumani ilipewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya kaskazini ya Ulaya, na Uingereza ikatambuliwa kuwa mlinzi wa Zanzibar. Wavuvi wa Ukerewe na wakulima wa Kisesa hawakujua kwamba nchi yao imepimwa katika mizani moja na kisiwa ambacho hawakupata kukisikia.

Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita, nchi yetu iliyopewa jina la Tanganyika iliwekwa mikononi mwa Uingereza, na mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likathibitisha udhamini huo. Hapa twaomba msomaji azingatie neno udhamini. Tanganyika haikutolewa kuwa mali ya Uingereza. Katiba ya Shirikisho la Mataifa, katika kifungu chake cha 22, ilisema kwamba ustawi wa watu wa nchi za namna hii ni amana takatifu. Mdhamini hushika mali ya mwingine kwa faida ya mwenye mali, wala hana ruhusa ya kuitumia kulipa deni lake mwenyewe.

Kanisa letu lilionja mapema jinsi mikataba ya mbali inavyoweza kuwafikia watu wa karibu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa na kifungu maalumu juu ya mali za misheni za Kijerumani. Wamisionari wetu walifukuzwa nchini, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1925. Katika miaka hiyo sharika nyingi ziliendelezwa na walimu na wainjilisti Waafrika. Kwa hiyo msomaji Mlutheri haoni ajabu akiambiwa kwamba meza iliyo Ulaya au Cairo yaweza kuamua mambo ya kijiji chake.

Barua za mwaka 1929

Mwaka 1922 Uingereza ilitangaza kwamba Misri ni nchi huru, lakini ilijiwekea mambo manne mkononi, mojawapo likiwa habari za Sudan. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wakiendeleza mashamba makubwa ya pamba huko Gezira, kati ya Nile ya Bluu na Nile Nyeupe, yakinyweshwa kwa maji ya mto. Wamisri waliogopa kwamba maji yao yatamalizwa huko juu. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Novemba 1924, baada ya Sir Lee Stack, Gavana Mkuu wa Sudan, kuuawa Cairo, Lord Allenby aliipa serikali ya Misri masharti makali, na mojawapo lilikuwa kwamba eneo la kunyweshwa Gezira litaweza kuongezwa bila kikomo. Maji yalikuwa yamefanywa fimbo.

Fimbo hiyo iliwatia Wamisri uchungu na hasira, na baadaye Waingereza wenyewe waliona kwamba hawana budi kuwatuliza. Ndipo zilipoandikwa barua za tarehe 7 Mei 1929, kati ya Mohamed Mahmoud Pasha, Waziri Mkuu wa Misri, na Lord Lloyd, Kamishna Mkuu wa Uingereza huko Cairo. Uingereza ilizitambua haki za asili na za kihistoria za Misri juu ya maji ya Nile. Matumizi yaliyokuwapo yalihesabiwa kuwa mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka kwa Misri na bilioni 4 kwa Sudan. Kisha likawekwa sharti linalotuhusu sisi: kwamba bila kukubaliana kwanza na serikali ya Misri, isijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya kuzalisha umeme juu ya Nile na matawi yake, wala juu ya maziwa ambamo unatoka, katika Sudan au katika nchi zilizo chini ya utawala wa Uingereza, ikiwa kazi hiyo itapunguza maji yafikayo Misri, au kubadili wakati wa kufika kwake, au kushusha kina chake kwa namna ya kuidhuru Misri.

Msomaji ataona kwamba hapakutajwa jina la Tanganyika, wala la Mwanza, wala la Usukuma. Tumo ndani ya maneno "nchi zilizo chini ya utawala wa Uingereza". Misri ilipata haki ya kukataa. Sudan ilipata nafasi ya kuendeleza mashamba yake. Uingereza ilipata utulivu Cairo na usalama wa Suez. Tanganyika, Uganda na Kenya zilipata masharti, pasipo kupata hata tone moja la maji lililoandikwa kuwa lao. Hapo ndipo penye kosa. Mdhamini alilipia amani yake mwenyewe kwa mali ya yule aliyewekewa dhamana.

Haifai, hata hivyo, kuwageuza Wamisri kuwa adui katika simulizi hili. Nchi yao hupata mvua kidogo mno, na uhai wao wote watoka mtoni. Wao wenyewe walikuwa chini ya mkono wa Uingereza, na miaka mitano tu kabla ya barua hizo walikuwa wametishwa kwa maji hayo hayo. Walichotafuta ni hati itakayowalinda. Waliowafanya watu wa mto wa juu na watu wa mto wa chini kuwa wadeni, wasiopata kuonana uso kwa uso, ni wale waliosimama katikati yao.

Matokeo yake mwambaoni

Yatupasa sasa kupima matokeo kwa uangalifu, maana ni rahisi kuutupia mkataba mmoja kila mzigo.

Wakati barua zilipoandikwa, gavana wa Tanganyika alikuwa Sir Donald Cameron. Yeye ndiye aliyeeneza utawala wa kupitia watemi, hasa kwa sheria ya mwaka 1926 juu ya mamlaka za wenyeji. Mtemi alifanywa mkusanyaji wa kodi, hakimu, na mtu wa kupokea amri za Bwana Shauri. Basi tazama jinsi mambo mawili yalivyokutana. Mtemi aliyekuwa akiwajibika kwa watu wake juu ya mvua, sasa aliwajibika kwa serikali juu ya kodi. Na wakati huo huo maji makubwa yaliyo mbele ya macho yake yaliwekewa masharti ambayo hakuyajua. Banang'oma hawakuwa tena na wa kumwuliza.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kilimo cha pamba kikaenea Usukuma kwa nguvu. Kituo cha Ukiriguru kikawa mahali pa kutafiti mbegu bora. Lakini pamba ya Usukuma ilikuwa pamba ya mvua. Mkulima wa Misri na wa Gezira alilima chini ya mfereji ambao maji yake yamelindwa kwa mkataba. Mkulima wa Kwimba na Maswa alilima akitazama mawingu. Wote wawili waliuza pamba katika soko moja la dunia. Tangu enzi za Wajerumani palikuwa na fikra ya kuyachukua maji ya ziwa hadi mbuga za Wembere ili kulima pamba huko. Baada ya 1929 fikra hiyo isingeweza kutekelezwa bila idhini ya Cairo.

Ukweli wadai tuseme pia kwamba serikali ya Tanganyika ilikuwa maskini, na kwamba London ilitaka kila koloni lijitegemee kwa fedha. Huenda mfereji wa Wembere usingechimbwa hata kama barua zisingaliandikwa. Kilichofanyika badala yake ni malambo. Katika mpango wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, malambo mengi yalichimbwa ili kufungua nchi mpya na kupunguza msongamano wa watu na ng'ombe. Malambo hayo yalikuwa na faida, wala hatuyadharau. Lakini mpango huo uliandamana na amri nyingi: namna ya kulima matuta, kung'oa mabua ya pamba, kupunguza mifugo, na kodi ya ng'ombe. Watu walichoka kuamriwa. Wakulima walijenga vyama vyao vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama hivyo, maarufu kwa jina la Victoria Federation. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza ambalo hawakulitaka, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Madai yao hayakuhusu maji ya Nile. Walakini kiini chake kilikuwa kile kile: kuamuliwa mambo bila kuulizwa.

Huko Jinja, Uingereza na Misri zilikubaliana kwa barua nyingine kujenga bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Tangu hapo maji yatokayo ziwani yalipita katika milango ya chuma, na mhandisi wa Misri aliwekwa Jinja kuangalia kipimo chake. Tanzania, ambayo karibu nusu ya ziwa lote imo ndani ya mipaka yake, haikuwa na mtu pale. Kati ya miaka 2003 na 2006 kina cha ziwa kiliposhuka sana, ilidhihirika kwamba ukame ulichangia, na pia maji mengi yaliyoachiliwa Jinja kwa ajili ya umeme. Jambo hili latufundisha kwamba hata majirani wa Kiafrika waweza kudhuriana, mahali ambapo hakuna agano la wote.

Jibu la Tanganyika

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kabla ya siku hiyo Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza msimamo juu ya mikataba iliyofungwa na Uingereza kwa niaba ya nchi yetu: mikataba ya nchi mbili mbili ingeheshimiwa kwa muda wa miaka miwili, ili ipate kuchunguzwa, ile isiyothibitishwa upya ingekoma, isipokuwa ile ambayo kwa kanuni za sheria za mataifa yapasa kuendelea. Tarehe 4 Julai 1962, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mapatano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Misri ilijibu mwaka 1963 kwamba mapatano hayo yaendelea kutumika hadi yatakapopatikana mengine.

Wapo wanaouliza: je, huku si kuchagua yaliyo mazuri na kuyaacha mabaya? Mipaka yetu nayo ilichorwa na wageni mwaka 1886 na 1890. Mbona tunaishika mipaka na kuyakataa maji? Swali hili lina uzito, na jibu lake halimo katika kusema kwamba mipaka ni mizuri. Jibu ni kwamba mwaka 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo, wakuu wa nchi za Afrika wenyewe waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, kwa kuwa waliona vita vitakavyotokea wasipofanya hivyo. Mstari uliochorwa na mgeni ulipata kibali cha wenyeji. Barua za 1929 hazikupata kibali hicho hata siku moja. Tofauti ya mambo haya mawili ni ridhaa.

Na bado, kukataa kwa maandishi hakukuleta maji Shinyanga. Ilipita miaka zaidi ya 40 kabla bomba kubwa kujengwa. Benki kubwa za maendeleo zina kanuni ya kutaka nchi nyingine za bonde zipewe taarifa kwanza, na kivuli cha 1929 kilizidi kutanda juu ya kila mradi. Hatimaye serikali yetu iliamua kutumia fedha zake yenyewe. Maji yalichukuliwa Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, na kufikia mwaka 2009 yalikuwa yakifika Shinyanga na Kahama. Baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Misri ilikuwa imelalamika mradi ulipoanza, lakini mto haukukauka. Wataalamu hueleza kwamba sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa hupotea kwa mvuke, kwamba maji mengine mengi hupotea katika mabwawa ya Sudan Kusini, na kwamba sehemu kubwa ya maji yafikayo Misri, yapata asilimia 85, hutoka katika milima ya Ethiopia. Ndoo ya mama wa Shinyanga haikuwa tishio kwa mtu wa Cairo. Sharti la 1929 liliwafanya watu hawa wawili waogopane bure.

Mwaka 1999 nchi za bonde ziliunda chombo cha ushirikiano wa bonde la Nile, na tarehe 14 Mei 2010, huko Entebbe, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia sahihi mkataba mpya, zikafuatwa na Kenya na Burundi. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kujiunga. Hadi siku hiyo Misri na Sudan hazikuwa zimetia sahihi, kwa sababu zilitaka matumizi na haki zao za sasa zitajwe kuwa zisiguswe. Kwa hiyo jambo hili bado halijaisha.

Agano na mtu asiyekuwapo

Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, lafundisha kwamba serikali na sheria njema ni kazi ya Mungu, na kwamba Mkristo aweza kufanya mapatano ya halali na kula kiapo. Sisi basi hatuwezi kuichukulia mikataba kama karatasi tu. Neno lililotolewa lina uzito mbele za Mungu. Katika Yoshua 9 twasoma jinsi wazee wa Israeli walivyofanya agano na Wagibeoni kwa kudanganywa. Nao, ijapokuwa mkutano wote ulinung'unika, hawakulivunja. Je, mfano huo haututaki sisi nasi tuzishike barua za 1929?

Tunaona kwamba hautaki. Wazee wa Israeli waliapa wenyewe, kwa vinywa vyao, na kiapo chao kikawagharimu wao na wana wao. Katika Cairo, aliyeapa hakuwa yule atakayelipa. Kiapo cha namna hiyo hakimfungi asiyeapa. Kama kinamfunga mtu, chamfunga yule aliyekitoa, yaani Uingereza, ambayo hadi leo ina deni la kusema wazi kwamba ilitoa kisichokuwa chake.

Mfano ulio karibu zaidi na jambo letu umo katika Mwanzo 26. Isaka alichimba visima, na wachungaji wa Gerari wakagombana naye wakisema maji ni yao. Kisima cha kwanza kikaitwa Eseki, cha pili Sitna, na cha tatu, ambacho hawakukigombania, Rehobothi, kwa kuwa Bwana amewafanyia nafasi. Ila hadithi haiishii kisimani. Abimeleki alimwendea Isaka, wakala na kunywa pamoja, wakaapiana asubuhi, kila mtu na ndugu yake. Na siku ile ile watumishi wa Isaka wakaleta habari kwamba wameona maji. Hapa pana agano la maji linalofungwa na wale wanaoyanywa, wakiwa wameketi mahali pamoja. Isaka aliweza kuhama kutoka kisima hadi kisima. Mataifa ya leo hayawezi kuhama. Kwa hiyo sisi tunahitaji ile meza ya Abimeleki kuliko alivyoihitaji Isaka.

Hitimisho

Turudi kwa mwanafunzi wetu wa Bujora. Habari za ziwa aliulizwa nani? Jibu la historia ni kwamba aliulizwa Lord Lloyd, naye akajibu kwa niaba yetu. Walakini jibu hilo halitoshi, maana tangu 1961 hatuna tena wa kumsingizia kila jambo. Vipo vijiji vinavyoliona ziwa kwa macho, ambavyo watu wake bado huteka maji yasiyo salama na kupata kichocho. Hakuna barua ya Cairo iliyozuia bomba la kilometa chache.

Tena, wachungaji na wainjilisti tuliowahi kuketi katika kamati za maji za vijiji vyetu twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Wanaume huketi, huamua kisima kichimbwe wapi na ada iwe kiasi gani, ilhali wanawake wabebao ndoo vichwani hawajaulizwa. Hapo twaiandika barua ya 1929 kwa mkono wetu wenyewe. Katekisimu Ndogo yatufundisha, katika amri ya saba, kwamba haitoshi kutomwibia jirani. Yatupasa kumsaidia kuilinda na kuiongeza mali yake. Maji ni mali ya jirani pia, awe ameketi kamatini au hayupo.

Twapendekeza basi kwamba habari hizi zifundishwe katika vyuo vyetu pamoja na historia ya Kanisa, na kwamba wanafunzi waendelee kupelekwa Bujora. Wakifika pale, wazitazame zile ngoma na kukumbuka kwamba palikuwa na siku ambapo kiu ya mtu mdogo ilikuwa hoja ya kutosha ya kumhoji aliye mkuu. Imani iliyokuwa nyuma ya desturi ile tumeiacha. Haki ile ya kuuliza tusiiache.